Muratina Iliyooshwa kwa Dawa ya Chupa za Watoto

Nyinyi mnaopika bia kwenye vyumba vyenu vya kupanga, mkanitumia picha za ndoo kwenye simu na kuniuliza, "Babu, hii ni nzima au imekufa?", nawajibu wote kwa pamoja hapa, maana vidole vyangu vimechoka. Mapovu ni mazuri. Utando mweupe juu yake usikutishe. Nusa kwanza, halafu ndipo uogope. Manyoya ya kijani ni mabaya. Mwaga, osha, na usimwambie mama yako kwamba sufuria ilikuwa yake.

Nimenusa ndoo nyingi kuliko masanduku yaliyonuswa na mbwa wote wa forodha. Miaka ile ya elfu mbili, duka letu la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani lilikuwa Tyseley, mtaa wa hapa Birmingham, katikati ya karakana ya treni na gereji moja ya kunyoosha bodi za magari. Upepo ukivuma kutoka upande wa mtambo wa taka, mteja hakuweza kujua kama bia yake ndiyo imeharibika au ni mtaa tu unapumua. Ilibidi tumpeleke chumba cha nyuma, tufunge mlango, ndipo tunuse kwa haki.

Mwenye duka alikuwa Mwingereza mmoja aitwaye Ron, mzaliwa wa hapahapa Birmingham, mwenye tumbo la kuegemea kaunta na sauti ya kuamsha waliolala Wolverhampton. Yeye alimwita kila mtu "bab", kama wafanyavyo watu wa mji huu: mteja bab, polisi bab, padri bab. Mimi nilikuwa nasafisha mabehewa pale karakana, na siku moja nikaingia kwake kununua ndoo ya kupikia mbege. Akaniuliza mbege ni nini. Nikamweleza: unapika ndizi mbivu, unaziacha zichache, halafu unachanganya na uji wa kimea cha ulezi.

"Yaani unaweka uji kwenye bia?" akauliza.

"Hapana. Naweka bia kwenye uji."

Alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya gunia la shayiri. Akasema mtu wa namna hiyo hawezi kupotezwa kwenye kufagia mabehewa. Jumamosi iliyofuata nikawa nyuma ya kaunta, na sikutoka tena mpaka magoti yaliponistaafisha.

Mbege yenyewe, niwaambie ukweli, ilinishinda. Nilikwenda duka la Wahindi kule Sparkhill nikanunua unga wa ulezi mzuri, umesagwa laini kama poda ya mtoto. Nikapika, nikachanganya na ndizi, nikafunika, nikangoja. Kilipatikana kitu kama saruji yenye harufu ya ndizi. Nilikuwa nimesahau jambo analolijua kila mtoto wa kwetu Marangu: ulezi lazima uoteshwe kwanza, ukaushwe, ndipo usagwe. Kile kimea ndicho chenye utamu wa kulisha chachu. Nyumbani kazi hiyo ilifanywa na mama. Mimi nilikuwa bingwa wa upande wa kunywa. Mara ya pili nilinunua ulezi mzima, nikauloweka, nikauotesha ndani ya soksi mpya juu ya radieta. Mke wangu, Mama Aika, alipoona soksi imeota mizizi alinihurumia sana. Alidhani ni mguu.

Ron ndiye aliyenisukuma kwenda masomo ya jioni. "Pua unayo, bab," alisema, "lakini pua haitakuambia kwa nini." Basi mchana nauza, jioni nimekaa darasani na vijana wa umri wa watoto wangu, najifunza vijidudu. Siku nilipoiona hamira kwenye hadubini, vidoti vinagawanyika na kuzaana bila mahari wala kamati ya harusi, nilishikwa na heshima mpaka nikavua kofia. Cheti nilichopata kina muhuri mkubwa kuliko wa ikulu, na kimetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa, hata akifumba macho.

Somo la kwanza la Ron lilikuwa hili: kazi hii ni kuosha vyombo. Bia inajitengeneza yenyewe. Wewe ni mwosha vyombo wake tu. Ndoo, mpira wa kuhamishia, mwiko, chupa, vyote vioshwe, vilowekwe kwenye dawa ya kuulia vijidudu, vioshwe tena. Mteja akija na bia chungu kama nyongo, Ron hakuuliza alitumia shayiri gani. Aliuliza, "Umeosha bomba la ile ndoo kwa ndani?" Na mteja akatazama viatu vyake.

La pili nilijifundisha mwenyewe. Nilitengeneza bia ya tangawizi, nikaonja, nikaona tamu, nikaijaza kwenye chupa za kioo na kuzisukuma chini ya kitanda. Tamu! Hilo ndilo kosa. Tamu maana yake chachu bado ina chakula, na ikiendelea kula ndani ya chupa iliyofungwa inatoa hewa, na hewa inatafuta mlango. Chupa ya kwanza ilipasuka kwa kishindo kilichosimamisha ndege uwanjani Elmdon. Ya pili ikaiamsha ya tatu. Bibi mmoja wa Kijamaika aliyekaa ghorofa ya juu aligonga sakafu kwa fimbo akiuliza vita ni ya nani na inaisha lini. Kwa hiyo, wajukuu, nunueni kile kipimo cha kioo kinachoelea. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili tatu. Kikisimama palepale, chachu imeshiba, jaza chupa. Kikiwa bado kinashuka, subiri, na ulale kwenye sofa.

Na mkinisikia naongea hivi msidhani kila kitu ni ruhusa. Kupika bia ya kunywa mwenyewe na wageni wako hakuna neno. Kuuza bila kibali ni neno. Na hiyo biashara ya kukamua mvuke mpate gongo, msiiguse kabisa. Inaua, inapofusha, na mimi sitakuja mahakamani kutafsiri.

Duka letu liliwajua watu wote. Wapo waliokuja kwa ajili ya bia, wapo waliokuja kuota moto. Bwana Hamadi, Mzanzibari muuza nguo, alisimama barabarani nje ya mlango, akaniita niende kwake. "Shekhe wangu, mimi humo siingii. Lakini nataka ndoo ya kutilia achari ya embe, mfuniko wake uwe madhubuti, na isiwe imewahi kukaa jirani na pombe." Nilimtolea mpya kutoka kwenye katoni iliyofungwa, nikaifungulia palepale barabarani mbele ya macho yake. Mwezi uliofuata alituletea chupa ya achari. Ron alikula na mkate, akatokwa machozi, akasema mtu huyu asimame mlangoni wakati wowote anaotaka.

Sasa niwasimulie ya muratina, maana ndiyo mnayoniulizia kila tukikutana kwenye harusi, na kila mtu anaisimulia vibaya.

Sista Wambui alikuwa muuguzi, Mkikuyu, amefanya kazi hospitali miaka mingi, na akiishi Harborne karibu na kazini kwake. Mwanamke imara, akikutazama unajiuliza kama umenawa mikono. Alikuwa amemlea Mwangi, mtoto wa marehemu kaka yake, tangu kijana huyo akiwa na meno ya utoto. Mwangi alikuwa amekua, akapata kazi, na akampenda binti aitwaye Njoki, aliyeletwa hapa mdogo akakaa na kaka yake kule Sutton Coldfield. Mambo yote mazuri. Kisha baba yake Njoki, Mzee Gichuhi, akaja kutoka Nyeri kutembea, na ikapangwa kwamba Jumamosi, kabla hajarudi, upande wa kijana waende kumposa binti.

Kwao Wakikuyu posa ina pombe yake. Ni ya asali, inaletwa na watu wa kijana, na baba wa binti hainywi mpaka binti mwenyewe aulizwe kama inywewe. Akikataa, kila mtu anarudi kwao. Hata kijana akiwa na magari kumi.

Wengi siku hizi wanapeleka soda, na Sista Wambui alikuwa amempigia mzee simu kumwuliza kwa adabu kama soda itafaa. Mzee akamjibu, "Soda nimekunywa kwenye ndege. Kama kijana ana watu, watu wake watapika pombe. Kama hana watu, aseme tu hana, tujue tunaongea na nani."

Neno hilo lilimwingia. Baba wa kijana amekufa, mama amekufa, na ukoo wote wa kuumeni uko Murang'a. Mwangi alikuwa na shangazi mmoja na wauguzi wenzake wa zamu.

Jumanne mchana akaingia dukani bado amevaa sare chini ya koti, amebeba ndoo imefunikwa kwa taulo.

"Baba Aika," akaniambia, "wewe ni Mtanzania, lakini wanasema unajua. Angalia hii. Kwa nini imenyamaza?"

Nikafunua. Maji ya asali, masafi kama chai ya mgonjwa. Hakuna povu, hakuna sauti. Ndani yake linaelea tunda la mwegea, lile kavu lenye nyuzinyuzi kama dodoki la kuogea. Wakikuyu hulipasua, hulikausha, hulitia kwenye maji ya asali, na hilo ndilo linalochachusha. Tunda lenyewe na pombe yake, vyote wanaita muratina.

"Umeiweka lini?"

"Jumapili baada ya kanisa."

"Mahali pa joto?"

"Kabati la boila. Hata mimi ningelala humo."

Nikanusa. Asali, na nyuma ya asali harufu nyingine, nyembamba, ninayoijua. Harufu ya bwawa la kuogelea.

"Sista, hili tunda limetoka wapi?"

"Lilikuwa la kaka yangu. Baba ya Mwangi. Nililibeba kwenye sanduku wakati tulipomzika. Alilipikia miaka yote." Akakunja mikono. "Lilikuwa limejaa uchafu, Baba Aika. Kahawia, linanata, lina harufu. Sasa nitapelekaje kitu kama hicho kwa wakwe?"

"Kwa hiyo ukaliosha."

"Kuliosha tu? Nilililoweka usiku kucha kwenye ile dawa ya chupa za watoto. Halafu nikabadilisha maji, nikaliloweka tena."

Jamani. Katika wapishi wote wa muratina tangu asali iumbwe, hakuna aliyewahi kulitibu tunda lake kama chumba cha upasuaji. Ule uchafu ndiyo chachu yenyewe! Inakaa kwenye zile nyuzi, inalala ikikaushwa, inaamka ikilowekwa, mwaka hadi mwaka. Bia ya Ron inataka ndoo safi kisha hamira ya pakiti. Muratina pakiti yake ni lile tunda.

Nilitafuta namna ya kumwambia taratibu. Ron, ambaye hakuwa na taratibu, akachungulia ndani ya ndoo akasema, "Umeiua, bab."

Sista Wambui alikaa juu ya gunia la shayiri, akaliinua lile tunda kutoka kwenye maji, akalishika mapajani likimlowesha sare. Mimi nimewaona wauguzi wakisimama imara mbele ya mambo makubwa. Huyu macho yalimjaa machozi. "Kilichobaki cha kaka yangu kilikuwa hiki," akasema, "nami nimekiua kwa mkono wangu, kwa usafi."

Ron akaona aibu. Akavuta pakiti ya hamira kwenye rafu. "Mpe hii. Ya divai ya asali, nzuri kabisa."

"Itamaliza lini?" nikamwuliza. "Asali na pakiti ni kazi ya wiki nyingi. Tuna mpaka Jumamosi. Na mzee wa Nyeri akionja divai ya Kizungu atajua kabla haijafika kooni."

Ron akakwaruza kidevu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake. "Mama yangu alikuwa na mbegu ya bia ya tangawizi. Kitu hai, kinakaa kwenye chupa dirishani, unakilisha sukari na tangawizi. Kila nyumba mtaani ilikuwa nacho. Cha kwetu kikifa, mama alinituma nyumba ya pili na kikombe. Haiwezekani mtaa mzima ufiwe siku moja, bab. Kwani hakuna Wakikuyu wengine mji huu?"

Wapo! Nikaivuta simu ya duka. Nilianza na wale ninaowajua, kisha wale wanaojuliwa na wale ninaowajua. Mama Ciku wa Walsall, mhudumu wa wazee: "Muratina? Baba Aika, kwani umenionaje? Mimi nimeokoka." Karanja, dereva wa teksi: "Wacha mchezo, mzee. Hiyo ni vitu ya kina guka, wale babu zetu." Nikampigia hata Mzee Josphat, mzee wa kanisa, aliyewahi kuongea juu ya ulevi mpaka watoto wakaacha kunywa juisi. "Baba Aika," akasema, "nitakuombea." Akakata.

Kila mmoja nilimweleza habari za Mwangi na tunda la baba yake. Kila mmoja akasema pole sana, lakini hana.

Kesho yake, mlango haujafunguliwa vizuri, Mama Ciku huyo, na mfuko wa plastiki wa supamaketi. "Hii ni ya mume wangu," akaninong'oneza. "Hajui kama najua inakaa wapi. Usimwambie mtu." Kabla ya chakula cha mchana Karanja akapiga honi nje, akanirushia kitu kimefungwa kwenye fulana ya mpira. "Si yangu, sawa? Usimwambie mtu." Na alasiri, nikiwa natoa katoni nje, nikamwona mtu ameshusha kofia mpaka kwenye miwani, ameegesha gari mbali kule karakana, anatembea akitazama nyuma.

"Nilikuwa napita tu," akasema Mzee Josphat.

Tyseley hakuna apitaye tu, isipokuwa ana taka za kutupa. Nikamkaribisha. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa tunda zuri jeusi, limezeeka vizuri, limefungwa kwenye karatasi ya matangazo ya kanisa.

"Ni ya kikohozi," akasema.

"Naelewa, mzee wangu."

"Baridi ya hapa, unajua kifua..."

"Naelewa kabisa."

"Sasa usimwambie..."

"Mtu," nikamalizia.

Jioni ile nikayapeleka matunda yote matatu Harborne. Nikamkuta Sista Wambui amevaa aproni ya plastiki, glavu, na nywele amezifunika. "Sista," nikamwambia, "huyu si mgonjwa." Akavua glavu kwa uchungu, kidole kimoja kimoja. Tukaiosha ndoo ya asali kwa maji moto matupu, tukayeyusha asali mpya, tukangoja mpaka maji yakawa ya kumwogeshea mtoto. Ukitia tunda kwenye maji ya moto zaidi ya hapo unapika supu. Tukatia moja, la pili, la tatu.

La kaka yake lilikuwa mezani juu ya kitambaa.

"Na hili?" akauliza. "Nilitupe?"

"Tumelisuuza ile dawa imetoka. Litie na wenzake."

"Lakini limekufa."

"Nyuzi zipo. Nyumba ipo, wenyeji ndio wametoka. Litie, chachu ikijaa itatafuta pa kukaa."

Akalitia mwenyewe, polepole, akaifunika ndoo, akaifungia kwenye kabati la boila akavuta kiti mbele yake kama anayelinda wodi. Alhamisi alinipigia simu dukani katikati ya wateja. Hakunisalimu. "Baba Aika, sikiliza," akasema, na akasogeza simu kwenye ndoo. Nikasikia sauti ndogo, kama mvua inayoanza kwenye bati. Niliwapa wateja wote wasikilize. Ron aliishika simu muda mrefu kuliko wote.

Jumamosi mchana tukapanda treni kwenda Sutton Coldfield, mimi nimepakata dumu mapajani, Sista Wambui na Mwangi kila upande kama askari wa benki. Nyumba ya kaka yake Njoki ilikuwa na zulia jeupe na watu wengi. Nilishtuka nilipowaona Mama Ciku na mumewe, na Karanja amevaa suti, na Mzee Josphat na mkewe, wameitwa wote ili upande wa kijana usionekane mwembamba. Kila mmoja aliniangalia kana kwamba hajawahi kuniona tangu azaliwe.

Mzee Gichuhi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye koti zito. Alipoambiwa mimi ni Mchagga aliyesaidia kupika, akaagiza shughuli iendeshwe kwa Kiswahili. "Shahidi asiyeelewa ni kiti," alisema.

Salamu zikaisha, Mzee Josphat akaomba sala ndefu, maneno yakazungushwa kama desturi, kwamba tumeona kondoo mzuri kwenye boma hili na mengineyo. Kisha ikamiminwa pombe kwenye pembe ya ng'ombe, ikawekwa mbele ya mzee. Hakuigusa. Alinusa tu kutoka pale alipokaa.

"Hii imepikwa," akasema. "Nani amepika?"

"Mimi, baba," akajibu Sista Wambui. "Najua kwetu ni kazi ya wanaume. Sikuwa nao."

"Muratina ni ya nyumba gani?"

Hapo chumba kikapoa. Sista Wambui angeweza kusema ni ya kaka yake, ikaishia hapo. Lakini yule mama hakuzoea kuandika kipimo ambacho hakukichukua.

"Ya kaka yangu niliiosha kwa dawa ikafa," akasema. "Hii niliazimwa."

Mtu mmoja upande wa wakwe alicheka, akanyamazishwa.

"Umeazimwa na nani?"

Akatazama zulia. Alikuwa amepewa siri tatu, na wenye siri walikuwa wamekaa nyuma yake wakitazama dari.

"Siwezi kusema, baba."

Mzee Gichuhi akaisogeza pembe mbali kidogo. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Mama," akasema kwa upole, "umelea vizuri, naona. Lakini mimi nilipouliza kama kijana ana watu, nilikuwa nauliza hivi: siku binti yangu akilia, atabisha mlango gani? Sasa unaniambia milango ipo ila haina majina."

Mwangi alikuwa amefumba macho. Njoki, kwenye mlango wa jiko, alishika kanga yake kwa mikono miwili. Nami nilifungua kinywa, nikakifunga, maana haikuwa siri yangu.

Nikasikia kikohozi. Mzee Josphat alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Tunda moja ni langu," akasema.

Mkewe aligeuza shingo taratibu kama mnara wa taa.

"Ni la kikohozi," akaongeza. Akamtazama mkewe, akamtazama mzee, akavuta pumzi. "Hapana. Ni la kunywa. Lilikuwa la baba yangu, na Krismasi huwa napika kidogo, kule gereji. Nyumba ni ya Josphat, Handsworth. Abishe mlango wakati wowote."

"Lingine ni la kwetu," akasema Mama Ciku. "Walsall."

"La kwetu?" akauliza mumewe. "Lililokuwa kwenye sanduku la spana?"

"Sasa ulifikiri nani analipangusia vumbi?"

Karanja akainua mkono kama yuko darasani. "La tatu ni la guka yangu. Na teksi ninayo. Hata kama ni usiku, si atabisha tu, mimi namfuata."

Watu walicheka, wengine huku wanapangusa macho. Mzee Gichuhi hakucheka. Alikuwa akihesabu nyuso zao moja moja, kama mtu anayezikariri njia. Kisha akaivuta ile pembe ikarudi mbele yake, akamwita binti yake.

"Njoki. Hawa watu wameleta pombe. Tunywe au tusinywe?"

Njoki alikuja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kikuyu chake cha simu za Jumapili. Akaishika pembe, akanywa yeye kwanza, akakunja uso, akacheka, akampa baba yake kwa mikono miwili. "Tunywe, Baba," akasema. "Kwa sababu mimi nataka."

Mzee akanywa yote. Akajipangusa midomo kwa kiganja. Akamnyooshea Sista Wambui pembe ikiwa tupu, kwa heshima ya mtu anayemwomba mpishi. "Niongezee," akasema.

Wageni walipoanza kutafuta makoti, wale watatu walitaka matunda yao. Sista Wambui alikuwa amekuja nayo kwenye bakuli, kavu nusu. Wakasogea, wakainama. Wakatazamana. Matunda manne yalikuwa yamevimba na kukolea rangi moja, kahawia ileile, kunata kulekule. Karanja aliligeuza moja na kulinusa. Mama Ciku akasema la kwao lilikuwa na kovu, lakini yote yalikuwa na makovu. Hata mimi na cheti changu sikuweza kuyatofautisha.

Sista Wambui aliyatazama muda mrefu. Mwanamke aliyelia juu ya gunia la shayiri Jumanne, sasa alikuwa na matunda manne na haijulikani la kaka yake ni lipi. Nikadhani atasema tungoje, tuchunguze. Akachukua moja bila kuchagua, akalifunga kwenye leso, akampa Mama Ciku. Akachukua la pili, akampa Karanja. La tatu akamkabidhi Mzee Josphat.

Mzee Josphat hakulipokea mara moja. "Dada yangu," akasema, "na kama hili ndilo la marehemu?"

"Basi kaeni naye vizuri," akajibu.